Nyuzi Mia Moja na Ishirini

Jumanne, 1 Februari 1994

Nimehamishwa chumba. Vifaranga wamechukua changu. Baba anasema wao wanahitaji joto na mimi nina blanketi. Ni kweli. Lakini bado.

Tangu apunguzwe kazini kiwandani, Baba hana habari nyingine ila kuku. Na tangu nimalize kidato cha nne, hana habari nyingine kuhusu mimi ila Singida. Huko yuko dada yake, Shangazi Prisca, mwenye kuku wengi wa kienyeji na mgongo mbovu. Anahitaji msichana wa kumwinamia. Msichana huyo ni mimi. Lori linaloleta kuku wa Shangazi mjini litakuja katikati ya mwezi, na likirudi litanibeba pamoja na matenga matupu.

Kuku huku, kuku kule, mimi katikati.

Tumaini ni moja tu. Jumapili, baada ya matangazo, Mwalimu Thomasi alisimama. Amestaafu kufundisha hesabu na sasa anafundisha vijana wa usharika, ambao hawastaafishi mtu vizuri. Akasema Jumamosi ya tarehe 12 kutakuwa na chemsha bongo ukumbini: vitendawili na mafumbo ya namba. Bwana Manase, anayefungua duka la vitabu na madaftari hapa mjini, atampa mshindi kazi dukani kwake. Kazi! Kati ya vitabu! Hakuna manyoya!

Aliomba wanaotaka wasimame. Nusu yangu ilisimama. Nusu nyingine ilibaki kwenye benchi. Mama aliniuliza kama tumbo linauma.

Nimejiandikisha leo, ukumbi ukiwa mtupu. Nikishinda, nabaki Arusha. Nikishindwa, Singida.

Alhamisi, 3 Februari

Sia naye kajiandikisha.

Sia ni jirani yetu hapa Kijenge. Tumesoma darasa moja. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kazi anayo hata asipotaka. Nilimwuliza anashindania nini. Akasema amechoka kuuza misumari, anataka kuuza kitu ambacho mtu akikinunua anatabasamu.  Ni sababu nzuri. Nilichukia kwamba ni nzuri.

Halafu akanitania mbele ya wasichana wa kwaya: “We Eli, siku hiyo utajibu kwa sauti, au utatuma mtu?”

Wakacheka. Nami nikacheka, ili nisionekane peke yangu. Jibu la kumnyamazisha nililipata baadaye, nikiosha sufuria. Lilikuwa jibu kali sana. Sufuria ilisikia.

Mpango wa kwanza: sauti. Jioni niliingia chumbani kwangu, yaani kwa vifaranga, nikasimama wima nikasema “Kitendawili!” kwa nguvu. Walinyamaza wote. Nikasema tena. Wakakimbilia kona moja na kulaliana. Wawili wamekufa.

Baba aliuliza nani alikuwa anapiga kelele. Nikasema sijui. Akasema kuku wa kisasa wana moyo mdogo. Nikafikiri, kama mimi.

Jumamosi, 5 Februari

Nilipanda Akheri kwa Bibi kutafuta vitendawili. Bibi anavijua kuliko mtu yeyote. Kahawa yake imezeeka na hakuna anayeikatia, lakini kichwa chake bado kibichi.

Nilifika mchana. Shikamoo, marahaba, chai, ndizi, maziwa, habari za vifaranga. Kisha nikamwomba vitendawili. Akaniangalia kama nimemwomba aniuzie kaburi la Babu. Akasema vitendawili havitegwi mchana. Jua likiwa juu, mtu analima. Ukitega mchana, ng'ombe hawarudi nyumbani.

Nikamwambia ana ng'ombe mmoja tu, na yuko zizini, anatuangalia.

Akasema ndiyo maana bado anaye.

Nikamweleza kuhusu lori, matenga na Singida. Nililia kidogo. Bibi akatafuna ndizi. Mwishowe akaniambia nifunge mlango. Nikafunga. Nifunge dirisha. Nikafunga. Nizibe tundu la paka kwa gunia. Nikaziba. Tukakaa gizani, tunatoka jasho, moshi wa jikoni ukituingia machoni, nje kuku wakiwika adhuhuri. Akasema haya, usiku umeingia.

Alitega kwa Kimeru, mimi nikigeuza Kiswahili kichwani.

Mashati yangu mengi, yote yamechanika, wala sijavaa hata moja. Jibu: mgomba.

Mke wangu akizaa mara moja tu, namkata. Jibu: mgomba.

Ukimjeruhi anatoa machozi, na machozi yake hayatoki kwenye nguo. Jibu: mgomba.

Nikamwuliza hana vingine. Akafikiri sana gizani. Akatega kingine kirefu, chenye mfalme na watoto na kisu. Nikasema mgomba? Akafurahi mno. Akasema nina akili za babu yangu.

Nimerudi nikinuka moshi. Ng'ombe, namshukuru Mungu, alikuwepo.

Jumatatu, 7 Februari

Nimepata njia!

Mama alinituma Levolosi kwenye mitumba nimtafutie sketi. Kuna kijana anaitwa Lerionka ambaye kila robota likifunguliwa anaokota yale ambayo hayavaliki: viatu vya mguu mmoja, kofia za sufu, vitabu. Kwenye turubai lake nikakiona. Kitabu cha Kiingereza cha mafumbo ya namba. Mafumbo mia mbili. Na nyuma kabisa, majibu mia mbili!

Lerionka aliona macho yangu, akasema: “Chukua, dada. Kimebaki hiki. Pacha wake alichukuliwa na mzee mmoja wa hesabu, yule anayevaa kofia ya kanisani hata sokoni.”

Mwalimu Thomasi! Mwalimu Thomasi ana kitabu hiki hiki! Basi maswali atayatoa wapi kwingine?

Sikuwa na cha kumpa. Nikampa mkebe wangu wa hesabu: bikari, rula na kile cha kupimia nyuzi. Nimemaliza shule, vya nini tena?

Sketi nilisahau. Mama hasemi nami.

Jumatano, 9 Februari

Nimeanza na maswali. Fumbo la kwanza lilinichukua asubuhi yote. Konokono yuko chini ya kisima cha futi kumi. Mchana anapanda futi tatu, usiku anateleza mbili. Atatoka siku ya ngapi? Mimi nilipata kumi. Jibu la nyuma: nane. Nilikaa nalitazama hadi uji ukaungua. Kwa nini nane? Sijui. Konokono anajua.

Kwa mwendo huo nitamaliza kitabu nikiwa na umri wa Bibi.

Basi nimebadili mpango. Maswali nayaacha. Nakariri majibu. Kwa kila fumbo nachukua neno moja au mawili ya kulikumbuka, nayageuza Kiswahili, halafu jibu. Konokono: nane. Mishumaa: mitatu. Wavulana na tufaha: kumi na moja. Four o'clock, pembe ya mishale: hiyo ni saa nne, nyuzi mia moja na ishirini. Treni mbili: dakika arobaini.

Kwa nini sikuanza hivi shuleni?

Ijumaa, 11 Februari

Leo nilimpelekea Mwalimu Thomasi mayai, Mama akidhani ni sadaka. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Na nimeona! Kitabu kiko mezani kwake, kikombe cha chai juu yake, penseli ndani yake. Pacha kabisa.

Mwalimu alinikaribisha vizuri. Akaniuliza najiandaaje. Nikasema najiandaa. Akasema nisiogope, mafumbo ni kitu cha kupendeza, ni kama kumtembelea mtu usiyemjua: unabisha hodi, unasubiri, unasikiliza. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Moyoni nikasema mimi ufunguo ninao tayari.

Alikuwa anaongea huku anaandika kitu kwenye karatasi, anafuta, anaandika. Sikuangalia. Uaminifu ni uaminifu.

Njiani nilikutana na Sia. Amekaa kibarazani, anachora duara kwenye vumbi kwa kijiti, anagawanya, anafuta kwa mguu. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anafikiri.

Maskini! Nilimwonea huruma. Kesho ni kesho na bado anafikiri.

Jumamosi, 12 Februari

Naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi.

Tulikuwa wanane. Mwalimu alieleza sheria. Ukishindwa swali, iwe kitendawili au namba, unatoa mji, kama tunavyofanya nyumbani. Swali linakwenda kwa mwenzako. Akijibu, mji ni wake. Wawili wa mwisho watashindana peke yao, na wa kwanza kufikisha miji mitatu ndiye mshindi. Watu walijaa. Bwana Manase alikaa mbele na suti ya rangi ya maziwa. Baba alikuja pia, akinuka chakula cha kuku.

Meshack wa kwaya aliondoka wa kwanza. Alitoa Dodoma, Mwanza na Bukoba kabla hajaketi vizuri. Mama mmoja nyuma akapiga kelele: “Mtoto huyu atatuuzia nchi!”

Sitaeleza yote. Itoshe kwamba saa ilikwenda, watu wakatoka mmoja mmoja, na tukabaki wawili. Mimi na Sia. 

Mwalimu akanitegea: “Mashati yangu mengi, yote yamechanika, wala sijavaa hata moja.”

Bibi! Gunia la tundu la paka! Mgomba, nikasema. Watu wakapiga makofi.

Akamtegea Sia, Sia akajibu. Kisha mimi: “Askari wangu wamepanga mstari mlimani, wote kofia nyekundu.” Nikasema mgomba. Kicheko. Nikatoa Mbeya. Sia akasema ni kahawa iliyoiva, akaichukua Mbeya. Kisha: “Jirani yangu hunijibu kila neno lakini hajanikaribisha kamwe.” Nikafikiri kwa bidii. Nikasema mgomba, kwa sauti ndogo, nikitumaini. Nikatoa Tanga. Sia akasema mwangwi. Miji miwili kwake, kwangu hakuna.

Ndipo zikaja namba.

Sia akaulizwa kuhusu mishumaa. Akafikiri, akakosea. Akanipa Iringa. Nikasema mitatu! Iringa yangu! Akaulizwa tena. Safari hii ni konokono, ila Mwalimu alikuwa amemtoa kisimani na kumpandisha kwenye mgomba wa futi kumi. Sia akahesabu kwa vidole, akajikwaa kwenye usiku wa mwisho, akasema tisa. Akanipa Tabora. Nikasema nane! Tabora yangu! Baba alisimama. Baba yangu mwenyewe alisimama akapiga makofi.

Mbili kwa mbili. Zamu yangu.

Mwalimu hakuuliza mara moja. Alifuta miwani. Akatazama juu ukutani, juu ya benchi za kwaya. Akasubiri. Watu wakakohoa. Kisha akanitabasamia, akasema: “Elifuraha. Ikiwa saa nne kamili asubuhi, mishale miwili ya saa inafanya pembe ya nyuzi ngapi?”

Saa nne! Pembe ya mishale! Nilikuwa nayo mdomoni kabla hajafunga wake.

“Mia moja na ishirini!”

Sauti yangu! Kubwa, safi, haikutetemeka! Nadhani waliisikia hadi Themi. Nilimtazama Sia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu akasema polepole: “Fikiri, mwanangu. Tumia macho.”

Nikajua ananijaribu. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi: “Nyuzi mia moja na ishirini, Mwalimu. Nina hakika.”

Mwalimu akainua uso ukutani. Bwana Manase akainua. Baba akainua. Ukumbi mzima ukainua nyuso, hata watoto wadogo. Nami nikainua.

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nne kamili. Mshale mrefu umesimama kwenye kumi na mbili. Na mshale mfupi uko kwenye kumi, pale unapokaa kila siku saa nne tangu nizaliwe. Pembe nyembamba. Hata kifaranga angeona ni nyembamba.

 Mwalimu akasema, kwa huzuni, toa mji.

Nikasema Moshi.

“Moshi ni kwetu,” akasema Sia. “Utanipaje kwetu?”

Watu wakavunjika mbavu. Nikatafuta mji mwingine kichwani. Kichwani hamkuwa na kitu ila majibu mia mbili. Kisha nikaupata. Mji nisioutaka kabisa. Kama ni wa kutoa, si nitoe huo?

Nikasema Singida.

Sia akaupokea kwa mikono miwili. “Nimekwenda Singida, nikafika Singida, nikala kuku wote wa Singida, wakaisha. Jibu ni nyuzi sitini.”

Makofi. Suti ya maziwa ikasimama kumpa mkono.

Mwalimu alinifuata nje. Akasema lile swali alilitunza la mwisho kwa ajili yangu, kwa kuwa anajua naogopa. Alitaka jibu liwe ukutani mbele ya macho yangu. Akasema kitabuni kuna fumbo kama hilo, lakini ni la saa za Wazungu, zile zinazosomwa kama mshale ulivyo, nne yao ni kumi yetu, basi yeye akaligeuza ili lifae kwetu. Ameyageuza yote ili yafae kwetu.

Nilimshukuru. Shikamoo nilishasema asubuhi, nikasema tena.

Jumapili, 13 Februari

Kanisani watu wanne waliniuliza saa ngapi. Meshack aliniuliza mara mbili.

Mchana Baba alikula nusu sahani kwanza. Halafu akasema lori litakuja Jumatano. Nikamwambia Singida nimeshaitoa mbele ya watu, sasa ni mali ya Sia, kwa hiyo sidhani kama naweza kwenda tu. Nilimaanisha. Aliweka kijiko chini. Akamwuliza Mama kama kwenye ukoo wao kuna mtu mwingine wa hivi.

Jioni Sia alikuja. Nilijificha kwa vifaranga, akanifuata huko huko. Akaniambia amezungumza na Bwana Manase. Duka ni kubwa, anahitaji wasichana wawili. Niende kesho, ataniuliza machache tu. “Ongea kama ulivyosema mia moja na ishirini,” akaniambia. “Sauti ile ile. Ila usiseme mia moja na ishirini.”

Sijui kwa nini ananisaidia. Nadhani ni mbinu.

Jumatatu, 14 Februari

Nilijiandaa. Kosa langu la Jumamosi nimelielewa: sikusoma mishale. Kwa hiyo tangu jana nasoma mishale. Nimekaa mbele ya saa ya Mama hadi nikaiota.

Duka la Bwana Manase linanukia karatasi mpya. Kuna ngazi ya kupandia rafu za juu. Sia alikuwa juu yake, anapanga madaftari, akanikonyeza. Nilitaka ngazi ile kuliko kitu chochote.

Bwana Manase aliniuliza jina. Nikajua. Akaniuliza naishi wapi. Nikajua. Akasema vizuri, sauti yako ni nzuri. Akafunga kalamu yake. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Kisha akasema: “Basi niambie, asubuhi unaweza kufika saa ngapi?”

Saa! Swali la saa tena! Hawanipati mara mbili. Nikavuta picha ya saa ya Mama. Muda wa kufungua ofisi. Mshale mrefu kwenye kumi na mbili. Mshale mfupi, nikauangalia vizuri, kwenye nane.

“Saa nane kamili,” nikasema.

“Saa nane?”

“Saa nane kamili, kila siku. Sitachelewa.”

Bwana Manase akasema saa nane watu wameshakula mchana na wanasinzia. Sia juu ya ngazi alikuwa akitikisa kichwa na kuonyesha vidole viwili. Sikuelewa. Nikaona ni bora nieleze, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimeona kitu cha ajabu: pembe ilikuwa sawa! Nikamwambia: “Mishale inafanya nyuzi mia moja na ishirini. Hesabu mwenyewe.”

Kweli ni mia moja na ishirini! Saa mbili asubuhi! Ipo! Nimeipata mahali pake, siku mbili baadaye, mahali ambapo hakuna aliyeiuliza.

Bwana Manase akafungua kalamu tena, akakata jina langu. Akasema pole, binti, msalimie baba.

Jumatano, 16 Februari

Lori limefika. Matenga matupu yamepangwa nyuma, na mimi nimepewa nafasi kati ya tenga na tenga. Mama kanifungia chapati. Baba kanipa kifaranga mmoja ndani ya boksi nimpelekee Shangazi akaone mbegu. Aligeuka haraka akaanza kukagua matairi ya lori, ambalo si lake.

Mlima uko wazi leo, hauna hata wingu. Ungeweza kujifunika kidogo, kwa heshima.

Sia alikuja mbio kutoka dukani, vidole vina wino. Alisimama chini ya lori akanipa kalamu mpya. Akasema: “Eli, kumbuka Singida ni yangu. Nimekuazima tu. Uirudishe.”

Nilitaka kumjibu vizuri. Jibu nitalipata baadaye, labda tukifika Babati.

Dereva anasema usharika wa kwa Shangazi nao una chemsha bongo, Pasaka, na mshindi hupelekwa mashindano makubwa Arusha. Arusha! Kwa hiyo si mwisho. Kwa hiyo nina wiki kadhaa nzima, na safari hii sitafanya makosa. Tatizo la mara ya kwanza lilikuwa wazi: sikukariri vya kutosha.

Kitabu kilikuwa kizito, tena boksi la kifaranga halikuwa na tandiko, anateleza. Nimechana kurasa za maswali zote nikamtandikia. Majibu nimeyabeba.